Nyayo za Manyoya Siku ya Mtakatifu Blas

Itauguá, Jumapili, 5 Februari 1989

Mdogo wangu Blas,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Mama mpaka jogoo wetu ambaye bado anawika saa zisizo zake. Sisi huku wazima, tunalalamikia joto tu. Ng'ombe wa jirani wanashinda kijitoni wamebakiza pua nje. Mama goti linamsumbua, ulimi haumsumbui. Mwanangu Digna, ambaye humjui ila kwa picha, ameng'oka meno mawili ya mbele na anauliza kama panya wa Buenos Aires nao huwaletea watoto zawadi wakiweka jino chini ya mto.

Na wewe hongera ya kuzaliwa. Kama kila mwaka, tuliisherehekea bila wewe. Mama anasema mtoto akizaliwa siku ya Mtakatifu Blas na kupewa jina lake, hata akiwa mwezini lazima kuku achinjwe.

Sasa hilo kubwa. Najua redio za kwenu zimelisema kabla ya zetu. Jenerali ameanguka. Ona, nimeliandika! Barua zangu zote nilikuwa nikimwita "yule mzee wa shamba la juu", na mkono bado haujazoea.

Nikusimulie siku yenyewe, maana uliniomba zamani nikuandikie siku moja ya nyumbani jinsi ilivyo. Ijumaa alfajiri nilikuwa nawasha tanuri la udongo uani. Mama alikuwa anachanganya unga wa mahindi na jibini. Mume wangu Anastasio akafungua redio apate habari kabla ya kwenda kazini posta, ikatoka bendi ya jeshi. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine wa bendi ya jeshi. Mama akasimamisha mwiko.

"Nani kafa?"

"Subiri wamalize kupuliza tarumbeta watasema," akajibu shangazi Obdulia, ambaye alikuja tangu jana yake kwa ajili ya kuku wako, usidhani kwa ajili yako.

Wakasema. Jirani anaapa kwamba usiku alisikia mizinga kutoka Asunción. Mimi nilisikia vyura.

Tukakaa chini ya mzabibu kunywa terere, majani yetu ya maji baridi, kama kawaida, mimi ndiye mmiminaji. Pembe ya ng'ombe ya kunywea ikazunguka, kila mtu akavuta kwa mrija uleule akairudisha, na hakuna aliyesema neno. Unatujua, Blas. Habari kubwa ikija, kwanza tunatazama uso wa aliye karibu. Miaka thelathini na minne tumeogopa wapelelezi, wale wenye nyayo za manyoya, wanaosikia bila kusikika, hata leo ambapo bwana wao kaondoka tulitazamana kama watu walioibiwa kuku. Obdulia ndiye aliyevunja kimya.

"Lakini aliyempindua si mzazi mwenzake? Binti wa huyu kaolewa na mtoto wa yule! Haya, mjukuu akibatizwa watakaa wapi?"

Mama akacheka. Halafu akalia, na sisi sote tukamfuata.

Anastasio alikunywa pembe moja tu, akasema asante. Nikashangaa, maana mume wangu hasemi asante kabla ya pembe ya tano, na ukishasema asante umetoka kwenye duara, hakuna atakayekumiminia tena. Akaenda langoni kwa sababu Bi Gumersinda, yule muuza majani ya dawa, alikuwa anabisha na kikapu chake. Akamwambia leo hatununui kitu, aende. Alimwambia kwa ukali. Mama aliposikia sauti ya Gumersinda aliinuka akaingia jikoni. Si kwamba angenunua. Tangu polisi walipokuchukua terere yake ni maji matupu, bila jani lolote la dawa, ni nadhiri yake mpaka urudi. Sisi wengine ndio tunaotwanga mnanaa.

Mchana tukaweka sahani yako. Jioni magari yakapita barabarani yakipiga honi, watu wanapeperusha vitambaa vya shingoni, vyekundu vya chama tawala, na vya buluu vya wapinzani vilivyofichwa miaka yote, vinanuka dawa ya nondo. Kitambaa chekundu cha Anastasio hakikutoka kwenye msumari wake.

Sasa rudi. Mama haulizi, ila kila mara basi linaposimama anakuta ana kazi ya kufagia mbele ya lango. Barua hii naituma kwa posta, mara ya kwanza bila kumpa mtu akufikishie mkononi. Anastasio mwenyewe ataipiga muhuri.

Dada yako akupendaye,
Perpetua


Buenos Aires, 26 Februari 1989

Dada Perpetua,

Salamu zako zimefika, nami nazirudisha kwa Mama, kwa Digna, kwa shangazi Obdulia, na kwa jogoo. Mwambie Digna panya wa huku wapo, tena wengi, lakini wao huchukua tu. Mimi mzima. Kiwanda cha chapa kinafanya kazi nusu siku kwa sababu umeme unakatwa kwa zamu. Tunapanga herufi kwa mshumaa kama watawa.

Siku ile tulikuwa barabarani, Waparaguai wote wa mtaa huu, tunakumbatiana na watu tusiowajua. Nikarudi chumbani nikalala kwa furaha. Baadaye ikaja barua yako nikaisoma mara moja kwa furaha na mara tatu bila furaha.

Umeituma kwa posta, Dada. Posta gani? Ile ambayo mumeo anakaa dirishani na gundi na mvuke wa birika? Bahasha ilifika pembe yake moja imekunjamana. Huenda ni mvua. Huenda si mvua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nisikilize vizuri. Mwaka sabini na nane nilipojificha kwenu kwenye ghala la mahindi, nyuma ya tanuri, ni watu watatu waliojua. Mama. Wewe. Anastasio. Obdulia hakujua, na asante Mungu, maana Obdulia ni redio isiyohitaji umeme. Walipokuja, hawakufungua hata kabati. Hawakuuliza. Walipita kando ya tanuri wakaenda moja kwa moja ghalani, wakaniinua kwenye magunia kama mtu anayechukua kitu alichokiweka mwenyewe. Nilipokuwa kule ndani, wakati wananipiga mbavuni, nilikuwa nahesabu majina hayo matatu. Mama natoa. Wewe natoa. Kila siku hesabu ilitoka ileile.

Miaka yote tangu nilipotoka kule nikavukia huku, sikuandika hili kwa sababu barua zilikuwa na macho. Sasa naandika. Mwenye kadi nyekundu ya chama nyumbani kwetu ni mmoja. Aliyepata kazi ya posta kwa kadi hiyo ni mmoja. Na siku Jenerali anaanguka, huyohuyo anashindwa kumeza pembe ya pili ya terere, anasema asante, anatoka nje, anamfokea bibi kizee wa watu mwenye kikapu cha majani. Kosa la Gumersinda ni nini? Koo la mtu mwenye amani haliwi kavu siku kama ile.

Ndani ya bahasha nimeweka uzi mwekundu. Ukiukuta, niambie. Usipoukuta, pia niambie.

Na unijibu hivi tu: ni yeye, au si yeye?

Blas


Itauguá, Jumapili ya Matawi, 19 Machi 1989

Blas,

Hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, muhogo umependeza. Mama amekwisha anza kukusanya mayai kwa ajili ya mikate ya Wiki Kuu na hatuna ruhusa ya kula hata moja, tunayatazama tu kama makaburi ya mashujaa. Digna amepata jino moja, limeota upande.

Uzi nimeukuta. Uliangukia mapajani mwangu na nikajisikia vibaya kama mtu aliyepekuliwa nguo. Unajua barua yako ilinifikiaje? Mume wangu alikuja nayo mfukoni mwa shati, jua kali, akaniambia, "Ya Blas hiyo, nzito leo, bila shaka ana mengi." Akaenda kumwekea Mama dawa ya goti. Hiyo ndiyo birika na mvuke wake.

Kuhusu kadi, hukuwa hapa kutafuta kazi. Mwalimu ana kadi, dereva wa gari la takataka ana kadi, mchimba makaburi ana kadi. Hata marehemu baba yetu alizikwa na kadi mfukoni ili asisumbuliwe njiani.

Umeniuliza swali ukataka jibu la neno moja. Nakupa: si yeye.

Usiniulize zaidi ya hapo. Sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo nisingeliandika. Njoo nyumbani ule mkate.

Perpetua


Buenos Aires, 23 Aprili 1989

Dada,

Salamu kwa Mama. Kwa wengine utaamua mwenyewe.

Nilikaa na barua yako wiki hizi zote nikitafuta namna ya kuijibu bila matusi. "Hata ningekuwa nalo nisingeliandika." Mtu asiye na kitu hasemi hivyo. Una jambo, na unalifunika na sketi yako. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba mwenye nguo ndiye wa mwisho kukubali.

Namjua Mama. Na wewe nakujua. Ulipokuwa msichana ulivunja mtungi ukamsingizia paka, na kwa miezi mingi ulimpa paka yule maziwa yako. Sasa unampa nani maziwa, Perpetua? Kila barua yako ya miaka hii ina sentensi moja nzuri kuhusu Anastasio. Anastasio karekebisha paa. Anastasio kampeleka Mama hospitali. Anastasio kaning'iniza picha yako sebuleni. Nani anamsifia mume wake hivyo kwa ndugu yake bila kuombwa? Anayelipia kitu.

Mama naye, umeniambia aliinuka akaingia jikoni mara tu mumeo alipofoka. Anamwogopa? Ndiyo maana halalamiki?

Haya, sikia jinsi mambo yalivyo huku. Wenzangu wa uhamishoni wameamua kuwataja wote waliotuuza, hadharani, kwenye mkutano wetu mkubwa mwishoni mwa Mei. Watakuja na waandishi wa magazeti kutoka Asunción. Kila mtu anasimama, anasema jina lake, anasema jina la aliyemuuza, anakaa. Nimepewa nafasi. Nitasimama nitasema: Anastasio Rolón, karani wa posta, mume wa dada yangu.

Baada ya hapo ndipo nitarudi. Lakini siingii nyumba aliyomo. Siketi duara moja naye nikavuta mrija uliotoka mdomoni mwake. Mama achague, na wewe uchague.

Kama una la kusema, una mwezi mmoja. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na safari hii mshindo utakuwa wangu.

Blas


Itauguá, 7 Mei 1989

Blas, mdogo wangu,

Sisi wazima, na samahani salamu zikiwa fupi. Jumatatu tulipiga kura. Ameshinda yuleyule mzazi mwenzake Jenerali. Obdulia aliuliza karani wa kura kama zamu hii anaruhusiwa kuchagua yeye au amechaguliwa tayari, tukatoka mbio kabla hajajibiwa. Barua hii nimempa mwenye basi aiweke posta ya huko kwenu, si kwa sababu ya Anastasio. Ni kwa sababu siwezi kuiona mikononi mwake.

Nilimwonyesha barua yako. Alikuwa anakula. Akaisoma, akaikunja, akamaliza sahani, akasema, "Mwache aseme. Mimi nimezoea." Akaenda kulala. Hakulala, Blas. Nilimsikia akigeuka. Asubuhi nikamwambia kwamba nakuandikia yote, akasema, "Ukimwandikia utamuua Mama." Nikamwambia, "Nisipomwandikia atakuua wewe." Hapo akanyamaza, na mimi nimechukua kimya chake kuwa ruhusa.

Kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Ulipokuwa ghalani mawe ya figo yalikuanza. Unakumbuka? Ulikuwa unauma gunia usipige kelele. Mama hakuweza kumwita daktari. Akafanya anachokijua. Kila asubuhi Bi Gumersinda akipita na kikapu, sisi siku zote tulikuwa tunachukua mnanaa na jani la limau, basi. Siku zile Mama akawa anachukua mkia wa farasi, lile jani la dawa ya mawe, fungu moja, halafu mafungu mawili. Akautwanga kwenye kinu, akautia kwenye maji ya terere yako, ukapata nafuu. Wewe mwenyewe uliuomba.

Hakuna mtu mwingine nyumbani kwetu aliyewahi kuwa na mawe. Itauguá nzima inajua ni nani mwenye figo mbovu kwa Mama yetu Emerenciana. Muuza majani anajua tumbo la kila nyumba, nani amefunga choo, nani ana mimba, nani hapati usingizi. Tulificha nguo zako, tukaficha sahani yako, tulikataa wageni. Kikapu hakuna aliyekifikiria.

Mpaka leo sijui kama Gumersinda aliiuza habari au alipiga soga tu na mwanaume wake wa kituo cha polisi. Ninachojua ni kwamba ulipochukuliwa, Anastasio alivaa kitambaa chake chekundu shingoni akaenda kituoni kukuombea. Ndiyo, alikwenda. Kamishna akamcheka usoni akasema, "Mama mkwe wako siku hizi anatwanga mkia wa farasi mwingi. Nikajiuliza, nani ana mawe pale?" Wakamtoa nje kwa teke.

Akarudi akaniambia mimi peke yangu, na tukakubaliana kwamba Mama asijue kamwe. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwambia mama aliyekulea kwamba amekutwanga kwenye kinu chake mwenyewe? Baadaye barua zako zikaanza kuja na maneno ya pembeni, "msalimie shemeji kama bado ana masikio", na Anastasio akasema, "Anahitaji mtu wa kumchukia. Bora mimi." Alisema hivyo kana kwamba anajitolea kubeba gunia.

Tarehe tatu Februari, unajua Gumersinda alisema nini langoni? Kila mtu alikuwa na furaha, na yeye akaja na furaha yake. "Leo nimeleta na mkia wa farasi, sasa kijana wa figo atarudi!" Kwa sauti, Mama yuko hatua chache tu. Ndipo Anastasio akasema asante, akaurudisha mrija, akaenda kumfukuza. Wewe ukayaita hayo koo kavu.

Nilikuwa na hasira nilipoanza kuandika na sasa imeisha. Wiki ijayo ni siku ya akina mama. Mama amefua kitambaa cha meza. Kama ukimwambia neno, lolote, sitakusamehe. Kwenye mkutano wako sema unachotaka kusema, sasa unacho chote.

Perpetua


Buenos Aires, 11 Juni 1989

Dada yangu Perpetua,

Pokea salamu, na uzigawe kwa wote safari hii, wote kabisa. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa mgonjwa wa aibu, na aibu huku haina daktari.

Mkutano ulifanyika. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema jina langu, halafu nikakaa. Wenzangu walidhani nimezidiwa na uchungu. Mmoja akanipiga begani akaniambia, "Woga utakutoka, ndugu."

Sasa nikuambie jambo ambalo miaka yote mimi na wewe na Anastasio hatukuliona, ninyi kwa sababu mlikuwa mnamficha, mimi kwa sababu nilikuwa natazama upande mwingine. Nilizirudia barua zako zote tangu ya kwanza, kwa tabia yangu mbaya ya kutafuta mchawi. Ulisema Mama anakunywa terere ya maji matupu tangu waliponichukua, na kwamba ni nadhiri.

Dada, ni nadhiri gani hiyo? Nadhiri zetu tunazijua. Mtu anaacha nyama, anaacha mvinyo, anakwenda kwa Bikira wa Caacupé kwa magoti. Mtu ambaye hajawahi kunywa terere bila jani tangu akiwa msichana, kwa nini aache hata mnanaa? Na kwa nini aliposikia sauti ya Gumersinda aingie jikoni? Niliandika kwamba alimwogopa Anastasio. Nilisoma vibaya. Gumersinda alisema maneno yake kwa sauti kubwa, umeniambia mwenyewe, na Mama masikio yake ni mazima.

Mama anajua. Nadhani alijua kabla yenu, siku ileile, alipoona wanapita kando ya tanuri bila kuuliza. Nani kama yeye anajua kilichobadilika kwenye kikapu? Tangu hapo hajagusa jani. Mmekaa nyumba moja miaka yote hiyo, ninyi wawili mkimficha yeye, yeye akiwaficha ninyi, na mimi ng'ambo ya mto nikiwatukana. Nalia ninapoandika hili, na sioni haya.

Bahasha hii sijaitia gundi. Nimeikunja tu. Nimeituma posta yenu kwa makusudi, ili ipite dirishani kwa shemeji yangu. Anastasio, kama unasoma, na ningependa usome: sina neno linalotosha. Nikija nitaketi kulia kwako, na mrija utoke mdomoni mwako uje mdomoni mwangu.

Ninakuja mwisho wa Julai, kwa basi, kwa jina langu.

Usimwambie Mama kwamba najua. Usimwambie kwamba namsamehe, maana sina cha kumsamehe, na neno lenyewe litamchoma. Mwambie hivi tu, ukiwa unafanya kazi nyingine, kama habari ndogo: Blas anakuja, na figo zimeanza kumsumbua tena.

Si kweli. Nilifanyiwa upasuaji zamani na tangu hapo nakojoa kama mtoto. Lakini mwambie.

Mdogo wako,
Blas


Itauguá, 2 Julai 1989

Blas,

Salamu baadaye, nina haraka, basi linapita.

Barua ilifika. Anastasio aliileta ikiwa wazi, ameishika kwa mikono miwili. Alikwenda nyuma ya tanuri, akafungua ghala la mahindi ambamo hajaingia tangu siku ile, akaanza kulifagia. Alifagia mpaka Obdulia akamuuliza anamtafuta nani humo.

Mama nilimwambia tulipokuwa tunamenya muhogo, kama ulivyotaka. Nikasema Blas anakuja mwisho wa mwezi, ila figo zimemrudia. Kisu chake kikasimama. Nikaendelea kumenya bila kumtazama, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Akasema, "Zimemrudia?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Kasema mwenyewe?" Nikasema, "Kasema nikuambie wewe."

Akachukua muhogo mwingine akaendelea kumenya.

Leo asubuhi palikuwa na baridi, nyasi zimeganda nyeupe. Nikamtafuta Mama kitandani, hayupo. Na goti lile! Alikuwa amekwenda peke yake kijitoni na kisu cha jikoni. Alirudi sketi imelowa mpaka magotini, amekumbatia mkia wa farasi mwingi kuliko anaoweza kunywa farasi mwenyewe. Hakutaka kununua. Ameufunga mafungu mafungu, akautundika uani mbele ya nyumba, kwenye mzabibu, ambapo kila apitaye barabarani anauona.

Bi Gumersinda akapita na kikapu chake. Akasimama langoni, akautazama, na unajua macho yake.

"Emerenciana, wote huo? Wa nani?"

Anastasio alikuwa amekwisha inuka. Mama akamshika mkono akamketisha. Halafu akaenda mwenyewe mpaka langoni, akichechemea, akashika mbao.

"Wa mwanangu Blas," akamwambia. "Nenda kawaambie."

Perpetua